Lango la Futi Nne

Kehancha
9 Aprili 1995

Kwako ndugu yangu Boaz,

Salamu nakupa, ingawa sina nyingi. Barua yako niliipata Ijumaa kwa mkono wa dereva wa lori la tumbaku. Nikaisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Wiki mbili sasa tangu Mama ateleze jikoni akavunjika nyonga, na bado yuko kitandani hapo Kosele. Wewe unaniandikia kurasa tatu, na ukurasa mmoja mzima ni habari za matope.

Nimeelewa hivi, unisahihishe kama nimekosea. Yule mzee wa kuunga mifupa alimfunga mguu kwa mbao ukatokeza upande, na haukunjiki. Daktari wa hospitali ya misheni amesema aletwe amelala, mguu ukiwa hivyo hivyo. Gari halifiki nyumbani kwa sababu ya kile kidaraja, kwa hiyo ni lazima atolewe mpaka barabara ya murram. Wanaume walipokuja kumbeba na kitanda chake, Mama akakataa katakata, akasema begani hubebwa maiti na yeye bado anakula ugali. Hapo namuunga mkono. Mkokoteni wa sokoni nao mbao zake za kando zinamgonga mguu. Basi kinachotakiwa ni mkokoteni mpana, hakuna hesabu nyingine.

Sasa sikiliza. Nusu ya tumbaku ya hapa inasafiri juu ya mikokoteni ya Maroa, na huo wa Mama atautengeneza yeye. Ndiyo maana nakuandikia Kiswahili na si Dholuo, lugha yetu, ili mume wangu asome vipimo mwenyewe. Nawe ujibu hivyo hivyo. Lakini kuja hawezi. Mila ya Wakuria unaijua: mkwe haoni kitanda cha mama mkwe wake, sembuse kukisukuma. Miaka saba tangu anioe, yeye na Mama wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Mimi nami siku zangu zimekaribia na daktari amenikataza hata kupanda gari. Kwa hiyo ni wewe, Boaz. Mama alizaa mtoto wa kiume mmoja tu.

Pima upana wa Mama pamoja na huo mguu, pima lango, pima kidaraja. Nataka futi na inchi, sitaki hotuba.

Liz anamwogeshaje na mguu ule? Mwambie mkeo namshukuru, kazi hiyo si mchezo.

Dada yako,
Kezia


Kosele
15 Aprili 1995

Mpendwa dada Kezia,

Ni matumaini yangu kwamba waraka huu utakukuta ukiwa buheri wa afya. Mimi huku ni mzima, hofu ni kwako tu.

Dada, maneno yako ni makali na sijui nimekosa nini. Mtu aliyekaa ukarani miaka tisa katika kiwanda cha pamba hawezi kuambiwa hajui futi na inchi. Mama pamoja na mguu ni kama futi tatu na inchi kumi. Nasema kama, kwa sababu nimekadiria nikiwa mlangoni. Mwanamume mwenye ndevu haingii ovyo chumbani kwa mama yake, hilo unalijua. Lango na kidaraja nitavipima mvua ikikatika.

Mkokoteni wa sokoni sikuukataa kwa ajili ya mbao peke yake. Ulikuwa umetoka kubeba samaki wa Mbita. Maji yake yalikuwa yamegandia mbaoni, nzi wamejaa, na mwenyewe anauegemea akila mandazi. Niliusogelea hatua tatu nikatema mate. Kwamba mama yangu mzazi alazwe hapo, mimi nikiwa nimeshika mikono ya kitu kile, hapana. Hata hao wanaume waliokuja kumbeba walikuwa wananuka pombe ya chang'aa saa nne asubuhi. Dunia imekuwa chafu, dada. Natoka hapa na shati jeupe, nikirudi halitambuliki.

Liz yupo na anafanya yote. Hata nafasi ya kukuandikia haipati.

Ndugu yako,
Boaz


Kehancha
25 Aprili 1995

Boaz,

Mkokoteni umekwisha. Unakuja na lori hadi Migori, na kutoka Migori utapandishwa kwenye gari la mahindi linalokuja Kosele. Ukafike sokoni uusubiri mwenyewe, usitume mtu.

Maroa ananiambia nikueleze ili usije ukasema umetengenezwa vibaya. Mbao za kando ameziondoa zote. Magurudumu ameyaingiza chini ya kitanda cha mbao badala ya kuyaacha nje, kwa hiyo upana wote ni wa mgonjwa. Ni futi nne na nusu, kila upande umewekwa ukingo mdogo wa mpira wa tairi kuukuu ili godoro lisiteleze. Mikono ya kusukumia ni mirefu kuliko kawaida, kwa sababu mzigo mpana hupenda kubinuka. Kichwa cha Mama kiwe upande wako, miguu mbele, na mteremkoni uugeuze, uuvute badala ya kuusukuma. Hakuna samaki aliyewahi kupita juu yake. Mbao ni mpya.

Amefanya kazi siku nne, na muda huo wote hakulitaja jina la Mama hata mara moja, anasema tu mzigo. Ni heshima, usicheke.

Mpeleke Jumatatu. Daktari wa mifupa yuko Jumatatu na Alhamisi.

Kezia


Kosele
4 Mei 1995

Mpendwa dada,

Natumai u mzima. Mkokoteni nimeupokea, na kwa niaba ya familia namshukuru shemeji. Ni kazi safi, ingawa unanuka tumbaku kiasi cha kuumiza kichwa. Naona hata mvua haitaondoa.

Kwa masikitiko nakuarifu kwamba haupiti langoni. Lango ni futi nne. Nimepima. Mkokoteni una futi nne na nusu, na hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili ataijua. Utaniambia ning'oe nguzo. Nguzo zile alizisimika marehemu Baba mwenyewe siku alipoanzisha boma hili, na lango la mtu aliyekufa halihamishwi wala halipanuliwi na mwanawe. Nikifanya hivyo na kesho chira, ile laana ya mvunja mila, ikaniingia, utakuwa wa kwanza kusema Boaz alijitakia. Mila si ya Wakuria peke yao.

Nashauri shemeji afikirie upya. Pengine upunguzwe, au utengenezwe mwingine wa magurudumu matatu. Mama hana haraka. Analala sana siku hizi, haongei sana.

Mvua haijakatika. Njia yote ni kinyesi cha ng'ombe na matope. Mtu akitoka anarudi akijichukia.

Wako,
Boaz


Kehancha
9 Mei 1995

Boaz,

Nimejifungua Jumamosi, kwa kupasuliwa. Ni mvulana. Nakuandikia nimelala ubavu na mshono unavuta, kwa hiyo usitegemee lugha tamu.

Futi nne. Tangu lini lango lile ni futi nne? Mimi nimekulia hapo. Lakini sawa, mtu akiwa mbali huamini anachoambiwa. Maroa hakugombana. Alisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akaenda kazini. Anakutumia bawaba sita na misumari ya kukaza kwa mkono. Utakata ubao inchi tisa kila upande pale alipoweka alama ya chokaa chini yake, uufunge bawaba. Ukifika langoni unakunja upande mmoja tu ule usio na mguu, unapita, unakunjua. Godoro linajipinda, si sahani. Nguzo za Baba hutazigusa na chira itakosa mlango.

Kazi ya nusu saa, Boaz. Karani wa miaka tisa hatashindwa kushika msumeno.

Jambo moja linanikera. Kila barua unaniambia kinachonuka. Samaki, chang'aa, tumbaku, ng'ombe. Sijasikia hata mstari mmoja Mama amesema nini. Anaumwa wapi? Anauliza habari zangu? Na Liz ambaye alikuwa haniachi wiki bila barua, amekatwa vidole?

Kezia


Soko la Kosele
16 Mei 1995

Kwa dada Kezia, Mama Robi,

Salamu za mbali, na pole kwa upasuaji. Ni mimi Bonareri, yule Mkisii wa ndizi anayekaa karibu na kinu cha posho. Wewe na mimi tulikuwa kwaya moja kabla hujaolewa. Naandika kwa sababu nimeshindwa kulala na jambo, na kama nimeingilia ya watu unisamehe.

Jumapili nilikwenda kumsalimu mama yako. Ndugu yako alinizuia uani, akasema mgonjwa amelala. Nikamwambia nitamtazama akiwa amelala. Alikuwa ameziba pua kwa kitambaa, Mama Robi, na tulikuwa hatujafika hata kwenye ukuta. Nilifikiri ana mafua.

Liz hayupo. Aliondoka kwenda kwao mwezi wa tatu, mama yako alipokuwa na siku tano tu kitandani. Alisema hakuolewa kuja kuosha kinyesi. Tangu siku hiyo hakuna mtu ameingia. Chakula kinawekwa mlangoni, sahani inasukumwa ndani kwa fimbo ya ufagio. Mama anaivuta akiifikia, na asipoifikia kuku wanaingia.

Sitakuandikia yote niliyoyaona. Nitakuandikia kwamba nilimwosha, na maji nilibadilisha mara sita. Mgongo una vidonda viwili ambavyo mkono wangu ungeingia, na ndani ya kimoja kulikuwa na funza. Mimi nimezaa, nimezika, nimesafisha matumbo ya ng'ombe, lakini nilitoka nje nikashika ukuta. Mama alikuwa anaomba msamaha muda wote. Anamwomba msamaha muuza ndizi.

Huo mkokoteni wa mume wako upo nje, kando ya lango. Ndugu yako anaanikia mtama juu yake. Aliniambia haupiti langoni. Nikavua leso yangu nikainyoosha kutoka nguzo hadi nguzo, kisha nikaiweka juu ya mkokoteni. Unapita, dada yangu, na nafasi inabaki ya mtu kutembea kando.

Nitakuwa nikienda kumwosha asubuhi na jioni. Kusukuma siwezi, mgongo wangu ulishaharibika na mikungu. Mficha maradhi kilio humfichua, na sitaki tusikie kilio.

Ni mimi,
Bonareri


Kehancha
19 Mei 1995

Boaz,

Barua hii anaileta Maroa mkononi. Isome mbele yake kama una uso.

Nilidhani wewe ni mvivu. Nilikuwa nawaambia watu, Boaz ni mvivu na maringo ya ukarani, lakini moyo anao. Uvivu ningeumeza. Sasa nimejua kwamba umeandika futi na inchi kwa kalamu nzuri, ukamfanya mume wangu akeshe na msumeno, ukamsingizia Baba aliye kaburini, kwa sababu unaona kinyaa na mama yako. Neno dogo hilo ungeliandika barua ya kwanza. Ungeandika, Kezia, nimeshindwa, ananuka, tafuta mtu mwingine. Ningekutukana siku moja, kisha ningetafuta mtu. Umemwacha aoze wiki saba ili usionekane mtu mbaya.

Sioni kinyaa na funza. Funza ni mdudu, anafanya kazi yake.

Maroa anajua anachokwenda kufanya. Tangu jana hajala. Wazee wa ukoo wake wameshasikia, na wamemwambia akirudi atatoa mbuzi wa kumtakasa na atasimama mbele ya watu kueleza aliona nini chumbani kwa mkwewe. Kwa Mkuria hiyo ni aibu ambayo watoto wake wataimbiwa. Amebeba pampu ya magurudumu na shuka mbili mpya. Usimpe mkono.

Kezia


Hospitali
21 Mei 1995

Mama Robi,

Tumefika. Mzigo uko wodini, kitanda cha pili kutoka dirishani. Daktari amesema vidonda kwanza, mfupa baadaye. Hakusema atapona, na hakusema hatapona.

Lango ni futi tano na inchi nne. Nimelipima mwenyewe kabla ya kufanya kitu kingine.

Shemeji nilimkuta anapiga pasi shati. Aliisoma barua yako akaikunja vizuri. Akaniuliza, na mila je? Nikamuuliza, yako inasemaje? Akarudi kwenye pasi. Sikugombana naye, nilikuwa na kazi.

Bonareri aliacha kanisa, na ilikuwa Sabato, akaleta wanawake wanne wa soko. Nilimwambia wamfunike shuka mpaka kichwani. Niliingia kinyumenyume. Wao walishika godoro, mimi nilishika upande wa miguu nimegeuza uso ukutani. Sikuona kitu. Hilo nitawaambia wazee na ni kweli. Lakini pua haigeuzwi ukutani, na hilo sitawaambia.

Mkokoteni uko sawa. Pale kidarajani gurudumu la kushoto lilizama, nikatia mawe. Makosa yangu, ningeweka tairi pana zaidi.

Nitakwambia jambo, na usimwambie mtu. Nilitapika mara mbili njiani. Nilisimamisha, nikaenda kando, nikarudi nikashika. Mara ya pili akasema kutoka chini ya shuka, kwa Kiswahili, "Pumzika kwanza. Mimi siendi popote." Ni maneno ya kwanza kuniambia tangu nikuoe. Sikumjibu, kwa heshima. Nilipumzika kama alivyosema.

Bonareri amebaki naye. Mimi nitarudi Jumanne. Mkokoteni nimeuacha hospitalini, wanasema utawafaa.

Maroa


Kosele
11 Juni 1995

Kezia,

Sijui nianze vipi, kwa hiyo naanza tu.

Yote uliyoandika ni kweli. Siku ya kwanza baada ya Liz kuondoka niliingia na beseni. Nilifunua blanketi, nikalirudisha, nikatoka. Nikajiambia nitaingia jioni. Jioni nikajiambia kesho. Kila siku harufu iliongezeka na aibu ikaongezeka, mpaka nikawa nachukia kusikia akikohoa. Nilikuwa nachukia kwamba yu hai, Kezia. Nimeliandika mara moja na sitaliandika tena. Futi na inchi zilikuwa zinanipa usingizi.

Leo nilikwenda hospitalini. Nilikuwa nimejiandaa. Nilivaa vizuri, nikanunua machungwa, njia nzima nikapanga maneno ya kumwambia. Nilipofika mlangoni mwa wodi ile harufu ya dawa na vidonda ikanipiga, nikasimama. Wageni wengine wakawa wananipita. Nesi akaja na karatasi yake akaniuliza, "Wewe ni nani wa Mama Jerusha? Ni mtoto wake?"

Nikasema mimi ni jirani.

Sijui nilisemaje. Lilitoka. Na Mama alikuwa ameshaniona, kichwa chake kilikuwa kimegeukia mlango. Amekonda. Macho ni yale yale. Bonareri alikuwa ameshika kikombe, naye akaniangalia, akaangalia sakafu.

Mama akamwambia nesi kwa sauti ya kawaida, wodi nzima ikasikia, "Ndiyo, ni jirani yangu wa Kosele. Mwanangu ni yule Mkuria aliyenileta." Kisha akamgeukia Bonareri, akamwambia aandike kwa wazee wa Kehancha. Waambiwe hakuna mbuzi wa kuchinja. Mkwe wake hajaingia chumbani kwake hata siku moja. Aliyeingia akamtoa ni mtoto wake wa kuzaa, na mtoto hukanyaga chumba cha mama yake bila kuulizwa.

Bonareri anakuletea karatasi hiyo, Mama ameweka kidole gumba. Nimeona akiweka.

Kisha akamwambia nesi, "Mpe jirani kiti, ametoka mbali." Nikaletewa kiti cha wageni. Aliniuliza mvua imenyesha kiasi gani kwetu, kama mtama umekauka, kama kuku wanataga. Nikamjibu yote. Alinishukuru kwa machungwa. Nilikaa hapo mpaka kengele ya wageni ikalia, kisha nesi akatuambia sisi majirani tutoke, ndugu wa wagonjwa wabaki.

Boaz